Muulize Aliyebeba Bakuli

Habari za kifo cha Sista Melania zilinifikia saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama nyuma ya daktari kijana aliyekuwa akimlaza kwa dawa ya usingizi mgonjwa wake wa kwanza bila kushikwa mkono. Simu ilitetemeka mfukoni nikaiacha itetemeke. Yeye mwenyewe Melania ndiye aliyenifundisha kwamba mtu anayemlaza mwenzake hana njaa, hana deni la maneno na mtu, wala hana msiba, mpaka mgonjwa afumbue macho na kutaja jina lake. Mgonjwa alipotaja jina lake nilitoka koridoni nikasoma: Sista wetu hatunaye, mazishi Puge, Alhamisi. Aliyeandika ni muuguzi mmoja wa zamani ambaye sikukumbuka kwamba ana namba yangu. Mimi si mtu wa kulia. Wanafunzi wangu huniita Mama Barafu wakidhani sisikii, na nimewaacha wadhani hivyo kwa sababu jina lenyewe si baya kwa mtu wa kazi yangu. Nikarudi ndani, nikamaliza orodha ya siku ile, wagonjwa watano waliobaki. Jioni nikaomba ruhusa ya siku tatu.

Sikuwa nimekanyaga Tabora kwa miaka ishirini na nane. Naandika idadi hiyo bila kujitetea. Nilikotoka kabla ya kufika kule, wazazi wangu, shule nilizosoma, hayo si ya sura hii. Mwaka ninaotaka kuuandika ulianza siku niliposhuka kwenye treni na begi moja na cheti kinachosema mimi ni daktari, na ukaisha siku nilipopanda treni ileile nikiwa na barua ya kwenda kusomea ubingwa wa usingizi. Kati ya siku hizo mbili nilijifunza karibu yote ninayoyajua. Huko nilikokwenda baadaye nilipewa majina ya mambo niliyokwisha kuyaona.

Nilipanga chumba Chemchem, kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Bi Zuhura. Kilikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, meza, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Dari hapakuwa, na sauti za chumba cha pili zilipita juu ya ukuta kama zinapita mlangoni. Kule waliishi mume na mke waliogombana kila asubuhi juu ya jambo moja, nani aliyetakiwa kuchota maji jana. Niliyasikiliza magomvi yao mwaka mzima nikinywa chai, na mpaka leo sijajua mshindi. Bi Zuhura alinipikia kwa makubaliano: ugali wa muhogo, mlenda, mara mojamoja kuku, na masika yakianza uyoga wa porini ambao aliupika kwa karanga na kunitazama mpaka nimalize. Asali ilikuwa daima mezani, kwenye chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi. Alikuwa na neno moja juu ya kazi yangu. Alisema yeye hawezi kumwamini mtu anayewalaza watu mchana.

Melania alikuwa muuguzi wa usingizi. Sista ni jina tunalowaita wauguzi wote, mwenyewe alikuwa mama wa watoto wanne na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya Wamoravian. Mkoa haukuwa na daktari bingwa wa usingizi hata mmoja. Watu wote waliopasuliwa katika hospitali ile, ambayo sitaitaja, walilazwa na kuamshwa na mwanamke huyo mfupi mwenye kandambili za kijani, na mwenzake mmoja aliyekuwa karibu kustaafu. Mimi nilipelekwa kwake kwa sababu mganga mkuu alitaka angalau daktari mmoja ajue kazi ile. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Daktari wa upasuaji alinivuta pembeni akaniambia daktari hamwamkii muuguzi, nitaharibu utaratibu. Nikamjibu kwamba mama huyu anaweza kunizaa. Akacheka, akasema basi haya, utajijua. Sista Melania alikuwa amesikia yote, na kwa mwezi mzima aliitikia shikamoo yangu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mwezi huo wa kwanza hakuniruhusu kugusa dawa. Kazi yangu ilikuwa kusimama kichwani pa mgonjwa, kuinua taya lake kwa vidole viwili vya kila mkono, na kutazama shingo. Vidole viliniuma mpaka nikashindwa kushika kalamu. Mashine ya kusoma oksijeni kidoleni tulikuwa nayo moja, mpya kabisa, na mimi kama mgeni yeyote nilikuwa naitazama hiyo, namba zake nyekundu zilinivuta kama taa inavyovuta wadudu. Sista aliifunika kwa kitambaa. Nikalalamika. Akaniambia kwamba babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani na kurudi, na katika ukoo wao walirithi maneno yake: nyapara mjinga hutazama mzigo, nyapara mwerevu hutazama shingo ya aliyeubeba. Mzigo ukianguka, umeshachelewa. Shingo husema mapema. Basi nikatazama shingo, lile shimo dogo juu ya kifua linavyozama pumzi ikizibwa, mshipa unavyocheza, jasho linavyoanza. Baada ya wiki tatu niliona pumzi inabadilika kabla ya namba kubadilika. Nilimwambia. Hakusema vizuri wala vibaya, alikiondoa tu kile kitambaa.

Leo nawasahihisha madaktari wanaosomea kazi hii, na ningetaka kuandika wazi jinsi mtu anavyokua ndani yake, maana vitabu vinaipanga njia hiyo imenyooka kupita kiasi. Mwanzo ni hofu, na hofu ni mwalimu mzuri. Mtu mwenye hofu hukagua mtungi wa hewa mara tatu. Halafu zinakuja namba, unakariri kipimo cha dawa kwa uzito wa mtu mpaka unaota, na watu wanakuita unajua. Halafu, kiasi cha mwezi wa sita, wa saba, mikono inakuwa myepesi. Mrija unaingia kooni mara ya kwanza, mgonjwa anaamka vizuri, daktari wa upasuaji anakutania kwa jina. Hapo ndipo pabaya. Mgeni haui mtu kwa urahisi kwa sababu hawamwachi peke yake, na mzee wa kazi haui kwa urahisi kwa sababu ameshaona. Anayeua ni huyu wa katikati. Nimewaona wengi, nawatambua kwa namna wanavyoingia chumbani wakipiga mluzi.

Kulikuwa na jambo moja la Sista nililolidharau, nalo ndilo la sura hii. Kila asubuhi kabla ya orodha alipita wodini kuwaona watakaopasuliwa. Mgonjwa wa kulazwa lazima awe na tumbo tupu, hilo hata mpishi wa hospitali analijua, kwa sababu mtu akishalala koo halilindi tena kifua, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kushuka mapafuni. Mimi nilikuwa na swali langu la kitabuni, nililiuliza kitandani: umekula? Mgonjwa akisema hapana, naandika hapana. Sista hakuuliza hivyo. Aliwaamkia kwa Kinyamwezi au Kisukuma, akauliza mvua za kwao, akauliza mbuzi, akaondoka bila kutaja chakula. Kisha alikwenda nyuma ya wodi, kwenye bomba ambako ndugu wa wagonjwa huoshea vyombo, akasimama nao kama mtu asiye na kazi. Huko alijua nani amekula nini. Mimi niliuita umbea. Nilimwambia hivyo, kwa adabu lakini nilimwambia. Akanijibu kwamba mgonjwa atasema lile linalomwokoa na aibu, si lile linalomwokoa na kifo, kwa hiyo ukitaka kujua tumbo la mtu muulize aliyebeba bakuli.

Mwezi wa saba barua yangu ya masomo ilikuja. Nafasi moja, na waliitaka hospitali iandike kwamba nimefanya kazi mwaka mzima bila doa. Nilimwonyesha Sista kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliisoma yote, taratibu, kidole kikifuata mistari, akaikunja akanirudishia. Aliniuliza jambo moja tu, kama nikishasoma nitarudi. Nikasema nitarudi. Nilisema kweli, maana yake siku ile nilikuwa nakusudia hivyo.

Maganga alilazwa wodini wiki iliyofuata. Alikuwa mkulima wa Puge, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye ngiri iliyomsumbua tangu msimu wa pamba. Si jambo la haraka. Kwa kawaida tungemchoma sindano ya mgongoni akabaki macho, lakini sindano zile ziliisha, tukapanga kumlaza kabisa. Asubuhi nilikwenda kitandani kwake. Mke wake alikuwa amejifungua siku chache nyuma, kwa hiyo aliyekuja kumuuguza ni mama mkwe, mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge kifuani, amesimama hatua nne kutoka kitandani, amempa mkwewe mgongo. Nilidhani amekasirika. Nikauliza swali langu kwa sauti ya daktari, wodi nzima ikasikia: umekula chochote tangu jana? Maganga akatazama shuka. Akasema sijala, daktari. Nikaandika.

Chumba cha upasuaji kilikuwa tayari. Sista alikuwa anapanga dawa. Aliniuliza kama nimemuuliza mgonjwa, nikasema ndiyo. Akauliza nilimuulizia wapi. Nikaona hilo ni swali la ajabu, nikasema kitandani, kwani ningemuulizia wapi. Akauliza nani alikuwepo. Nikasema mama mkwe wake. Hapo aliinua kichwa, na mlango ukafunguliwa: wodi ya wazazi walimtaka upesi, kuna mama anatoka damu. Akavua glavu. Akiwa mlangoni aligeuka.

“Nisubiri, mwanangu. Usimguse mpaka nitoke bombani.”

Alikwenda. Nikasubiri, nadhani dakika kumi na tano. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshanawa, amesimama mikono juu, na alikuwa mtu wa utani mkali. Akauliza tunaanza au tuagize chai. Wauguzi wawili waliokuwa wakipanga vifaa wakacheka kidogo, si sana. Ningeweza kusema nimeambiwa nisubiri. Nilikuwa daktari, aliyeniambia ni muuguzi, na anachokwenda kufanya bombani ni umbea. Nikavuta dawa kwenye bomba la sindano, nikamchoma Maganga, akahesabu mpaka sita. Nikamwekea barakoa ya hewa usoni. Nilikuwa naimba kimoyomoyo, nakumbuka hata wimbo.

Kilichopanda kilikuwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa, vikaanikwa juani, vikapikwa kwa karanga. Vilijaa mdomoni na ndani ya barakoa. Rangi yake usoni ikabadilika, shimo la shingo likazama, na mimi, niliyekuwa nimetazama shingo miezi saba, nikasimama. Sikufanya kitu. Sijui kwa muda gani, watu husema sekunde, mimi siwezi kusema. Ninachokumbuka ni kandambili za kijani zikiingia. Sista alikuwa ametoka bombani. Alinisukuma kwa nyonga, akakiinamisha kitanda kichwa chini, akamgeuza mtu yule mzima ubavu, akatia vidole mdomoni kwake, akaniambia nikanyage. Mashine yetu ya kufyonza ilikuwa ya mguu. Nikakanyaga. Nilikanyaga mpaka paja likafa ganzi, yeye akitoa, akifyonza, akiingiza mrija, akipuliza. Muda ule wote sauti yake ilikuwa ileile ya kuulizia mbuzi. Maganga alirudi. Hakupasuliwa siku ile, alikaa wodini wiki sita na nimonia nzito, akakonda mpaka meno yakaonekana makubwa, lakini aliishi.

Baadaye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sista aliingia na ile fomu ya usingizi, ambayo mwanzoni kabisa ina mstari wa jina la aliyetoa dawa. Nilikuwa sijaujaza. Alikaa, akachukua kalamu, akaandika jina lake, kwa mwandiko wake wa duara kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Nikamwambia asifanye hivyo. Naam, nilimwambia, nataka hilo lijulikane. Lakini nilimwambia kwa sauti ndogo, na mikono yangu nikaiacha mapajani.

“Wauguzi wa usingizi wapo,” alisema. “Daktari wa usingizi mkoa mzima hakuna. Wewe nenda, kisha urudi.”

Alieleza pia alichokikuta bombani. Yule mama mkwe alitoka Puge na basi la kwanza na bakuli mapajani, kwa sababu aliamini mtu anayekwenda kukatwa anahitaji nguvu. Hakuna aliyemwambia vinginevyo. Alikitenga chakula kitandani akageuka, kwa kuwa kwao mkwe hali mbele ya mama mkwe, na mkwe naye hawezi kukirudisha chakula alichopikiwa na mama mkwe. Maganga alikula haraka, mgongo wa yule mama ukiwa umegeuzwa. Nami nikaja kumuuliza hadharani, mama yuleyule akiwa hatua nne. Angesema nini? Angemfedhehesha mama wa mke wake mbele ya wodi nzima. Alichagua adabu. Sista alilieleza hilo bila kunilaumu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni.

Kamati ilikaa baada ya wiki mbili. Mimi niliitwa kama shahidi nikaambiwa nisubiri nje, kwenye benchi, na kati yangu na wao palikuwa na ukuta wa mbao. Nilisikia kila kitu. Nilisikia daktari wa upasuaji akisema yeye alikuwa ananawa, hakuona nani alishika sindano. Wauguzi wawili wakasema walikuwa wanahesabu vifaa. Walikuwa wanampenda Sista, na alikuwa amewaomba waseme hivyo. Kisha sauti ya mwenyekiti ikauliza kama ni yeye, Melania, aliyempa mgonjwa dawa.

“Ni mimi,” alisema.

Nilisimama. Nilifika mpaka mlangoni, mkono ukagusa kitasa, kilikuwa cha shaba, baridi. Halafu nikafikiria ile barua. Nikarudi kukaa. Waliponiita ndani waliniuliza kama nina la kuongeza, nikasema sina. Sentensi hiyo ya neno moja ndiyo iliyonifanya bingwa.

Walimwondoa chumba cha upasuaji. Walimpeleka zahanati ya kijiji kimoja huko Puge, kupima watoto uzito na kudunga chanjo. Mwanamke aliyeweza kusikia pumzi ikibadilika kutoka upande wa pili wa chumba, akapewa mizani na daftari la kliniki. Siku ya kuondoka kwangu alikuja stesheni na chupa ya asali. Alinirekebishia kola ya shati. Aliniambia nikirudi nitamkuta, hana pa kwenda.

Sikurudi. Mwaka wa kwanza masomo, wa tano kazi, wa kumi nilikuwa nimeshakuwa mtu anayealikwa kufundisha. Aibu ina tabia hiyo, ukiiahirisha inakua, na inapokua unaona hata haistahili tena kwenda mikono mitupu. Nilimwandikia barua mbili, akajibu zote, habari za mvua na za wajukuu. Hakuuliza. Wanafunzi wangu wote wanaijua kanuni ya bakuli. Nawapeleka nyuma ya wodi, nawaonyesha ndugu wanaoosha vyombo, nawasimulia kisa cha daktari mmoja kijana wa Tabora aliyeuliza mbele ya mama mkwe. Daktari mmoja. Nimelisema neno hilo, mmoja, mbele ya madarasa ishirini na zaidi, kwa uso mkavu. Wanacheka mahali panapochekesha na kunyamaza mahali pa kunyamaza. Kisa kizuri sana.

Puge nilifika Alhamisi saa tano. Niliitambua barabara ya Nzega, ingawa sasa ni lami, inafuata kwa sehemu kubwa ileile njia waliyopita wapagazi. Msiba ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia. Karibu kila mtu mzima chini ya miaka thelathini pale alikuwa amepimwa uzito na yeye. Wakasoma wasifu wa marehemu: kuzaliwa, shule, ndoa, na kwamba alihudumu hospitali ya mjini kwa miaka kumi na tisa, “hadi alipohamishwa kufuatia tatizo la mgonjwa.” Msomaji, mwanawe mkubwa, alilisoma haraka kidogo, macho chini. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake kwamba eti aliua mtu, na mwenzake akasema hapana, hakufa. Kisha nikaitwa. Mgeni kutoka mbali, daktari bingwa, aseme neno. Nikasimama nikasema vizuri sana. Nikasema alinifundisha kutazama shingo. Watu wakaitikia. Nikakaa. Haki ya Mungu, nilikaa, kwa mara ya pili.

Baada ya kuzika walinikalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na akina mama wa jikoni. Mzee mmoja mwenye koti la mlinzi alinijia, akaniuliza kama nimekula. Wale akina mama walikuwa wanatazama, mikono kwenye masufuria, na sikutaka kuwasumbua, nikasema nimekula, ahsante. Akaitikia kwa kichwa. Akasema atanisindikiza kwenye gari. Tulikwenda mpaka kwenye uzio wa minyaa, hapo akasimama. Akasema sitamkumbuka. Yeye ni Maganga.

Alikuwa mlinzi wa zahanati tangu Sista alipofika. Aliomba kazi ile makusudi. Alinieleza kwa utulivu, akitazama minyaa, kwamba yeye ndiye aliyemharibia yule mama kazi, kwa kusema uongo siku ile, na kwamba hakuwahi kumwambia hata mkewe. Kila mavuno alimpelekea michembe, gunia dogo. Alimwomba radhi kila mara, na kila mara Sista alimwambia si wewe. Maganga alidhani ni maneno ya kumfariji tu. Sasa amekufa, na mimi nilikuwepo siku ile, alitaka kuniomba radhi mimi badala yake.

Nimelaza watu kwa maelfu. Najua mtu anavyokuwa sekunde moja kabla ya dawa kufika, na nilijiona hivyo.

“Hakukufariji,” nilimwambia. “Alikuwa anakwambia kweli. Aliyekuchoma sindano ni mimi. Aliniambia nisubiri, sikusubiri.”

Nilitegemea hasira, na ningeipokea vizuri, ningejua pa kuiweka. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Taya lilikuwa linacheza.

“Ungekuja akiwa hai,” alisema.

Nililia pale kwenye uzio, bila sauti, nikitumia ncha ya khanga ya msiba kujifuta, na yule mzee akageuka akanipa mgongo, kama mama mkwe wake alivyogeuka zamani, ili nimalize. Nilipomaliza aligeuka. Akatazama kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu, ni sisi wawili na mbuzi mmoja aliyefungwa.

“Umekula, daktari?”

“Sijala,” nilisema. “Tangu jana.”

“Basi turudi. Wanawe wako ndani, nao hawajui. Utakula, halafu utawaambia.”

Tulirudi. Walinitandikia mkeka sebuleni, watoto wanne wa Melania wakakaa mbele yangu, wakubwa sasa, wote na paji la uso la mama yao. Mmoja alileta maji, mwingine bakuli. Ilikuwa michembe kwa karanga. Nikanawa, nikala mbele yao mpaka bakuli likaisha, nikaanza kusema.